Nimetimiza mkataba, nimepewa pointi 2 kati ya 12: uzi wa hesabu za mashindano ya briji

#1 MtuWaKarata (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam.

Naanza na aibu yangu mwenyewe. Mashindano yangu ya kwanza ya jozi, bodi namba 4 (bodi ni mgao mmoja wa karata), pande zote mbili ziko hatarini, yaani zawadi na adhabu zimepanda. Mimi na mwenzangu tumekaa Kaskazini na Kusini. Mnada umekwenda taratibu, tumefika mkataba wa uru 5, yaani ahadi ya triki 11 (triki ni mzunguko mmoja wa karata nne), nimecheza kwa jasho na nimechukua triki 11 kamili. Tukaandikiwa 600. Nilimtazama mwenzangu kama mtu aliyetoka kuokoa jahazi. Hata wapinzani walisema nimecheza vizuri, na kwa kweli nilicheza vizuri.

Matokeo yalipobandikwa nikaenda moja kwa moja kwenye bodi 4. Pointi 2 kati ya 12. Nikamfuata mwamuzi kumwambia mashine imekosea. Akacheka, akanifungulia ukurasa:

Meza 1: BT 3, ziada moja, 630
Meza 2: BT 3, ziada mbili, 660
Meza 3: BT 3, ziada moja, 630
Meza 4: BT 3, ziada moja, 630
Meza 5: BT 3, ziada moja, 630
Meza 6 (ndiyo sisi): uru 5, kamili, 600
Meza 7: uru 6, imeanguka moja, −100

(BT ni bila turufu. Nitaendelea kuandika hivyo.)

Hesabu ni hii: kwa kila jozi iliyokaa upande wako uliyoizidi unapata 2, uliyolingana nayo unapata 1, iliyokuzidi hupati kitu. Sisi tulimzidi mmoja tu, meza ya 7. Yaani hata hizo 2 tulipewa na tamaa ya watu wengine. Meza ya 2 imewazidi wote sita, imepata 12. Wale wanne wa 630 kila mmoja amewazidi wawili na kulingana na watatu, kwa hiyo 7 kila mmoja. Jumlisha zote: 12 na 28 na 2 na 0, unapata 42, na bodi yoyote ya meza saba lazima ijumlike 42. Hivyo ndivyo nilivyokubali kwamba mashine haijakosea.

Kilichonivuruga zaidi ni kilichofuata. Baadaye nikacheza mashindano ya timu, nikarudia kosa hilo hilo: 600 yangu dhidi ya 630 ya meza nyingine. Nililipa IMP moja (ndiyo pointi ya mashindano ya timu). Moja tu! Timu yangu hata haikunikunjia uso.

Pointi 30 zile zile. Siku moja zimenizika, siku nyingine hazikunikwaruza. Tangu hapo nimeelewa kwamba mgeni anayefundishwa kunadi na kucheza bila kuambiwa mashindano yanahesabiwaje, amefundishwa nusu ya mchezo. Basi tuongee. Wazoefu nisahihisheni nikiteleza.

#2 SitiYaMbele

Naweka kambi hapa. Tiririka mkuu.

#3 Mgeni_Mezani

Mkuu umeruka hatua. Hiyo 600 yenyewe imetoka wapi? Nimezoea kucheza na ndugu zangu, tunaandika juu ya mstari na chini ya mstari mpaka mtu ashinde gemu mbili. Mashindanoni sijaona mstari wowote.

#4 MtuWaKarata

Samahani ndugu yangu, nilikimbilia mwisho.

Sahau mstari. Kwenye mashindano kila bodi inaanza na kuisha yenyewe, hakuna kinachobebwa kwenda bodi inayofuata. Triki sita za kwanza hazina bei. Ukinadi uru 5 umeahidi sita na tano, yaani 11. Bei za triki ulizoahidi: pau na uru 20 kila moja, kopa na shupaza 30, bila turufu ya kwanza 40 na zinazofuata 30.

Ukitimiza, jumlisha bei ya ulichoahidi. Ikifika 100 ni gemu, unaongezewa 300 ukiwa salama au 500 ukiwa hatarini. Isipofika 100 unaongezewa 50 tu, uwe salama au hatarini. Ndiyo maana BT 3, kopa 4, shupaza 4, pau 5 na uru 5 zinatajwa kila siku: ndizo hatua za kwanza za kila aina zinazofika 100. Triki za ziada zina bei yake ya kawaida lakini hazisaidii kufika gemu. Ukinadi kopa 2 ukachukua triki 10 unapata 170, wakati aliyenadi kopa 4 akachukua hizo hizo 10 ana 420, au 620 akiwa hatarini. Kuthubutu kunalipwa.

Slemu ndogo, triki 12, inaongeza 500 au 750 juu ya zawadi ya gemu. Slemu kubwa, zote 13, ni 1000 au 1500.

Kwa hiyo uru 5 yangu: 5 mara 20 ni 100, na 500 ya gemu hatarini, 600. BT 3 yenye ziada moja: 100, na 30, na 500, ni 630. Wao wamechukua triki 10 na mimi 11, wamenizidi. Nilisononeka.

Ukianguka bila dabo unalipa 50 kwa kila triki iliyopungua ukiwa salama, 100 ukiwa hatarini.

Na hapo nyumbani kwenu kuwa hatarini kunatokana na gemu uliyokwisha kushinda. Mashindanoni hakutokani na chochote ulichofanya, kumeandikwa kwenye bodi. Bodi 1 hakuna aliye hatarini, bodi 2 ni Kaskazini na Kusini, bodi 3 Mashariki na Magharibi, bodi 4 wote, halafu inazunguka kwa mpangilio maalumu hadi bodi 16 ndipo inaanza upya. Zile pointi za kushika karata kubwa za turufu mkononi nazo hazipo. Na ukisahau bei, pindua karata za kisanduku chako cha kunadia baada ya bodi kuisha; nyingi zimechapishwa matokeo kwa nyuma.

#5 PauSaba

Nyongeza kwenye dabo, yaani mpinzani anaponadi kwamba utaanguka na malipo yanapanda. Ukitiwa dabo na ukatimiza, bei ya triki inazidishwa mara mbili na unapewa 50 nyingine ya kufutwa machozi. Kwa hiyo kopa 2 yenye dabo ukiwa salama ni 120, jumlisha 50 na 50, 220.

#6 BibiShupaza

Mwanangu PauSaba, hapo umewapotosha wageni, na ni kosa linaloumiza watu kweli kweli.

Kopa 2 ni 60. Ikitiwa dabo inakuwa 120. Mia moja si imepitwa? Basi hiyo ni gemu. Unachukua 120, na 300 ya gemu, na 50 ya dabo: 470. Hatarini 670. Unaowatia dabo kwenye kopa 2 umewasukuma kwenye gemu ambayo wao wenyewe waliiogopa. Hesabu yako ingekuwa sahihi kwa pau 2: 40 inakuwa 80, haifiki 100, basi 80 na 50 na 50, ni 180.

Adhabu za dabo mzishike kwa moyo. Salama: moja 100, mbili 300, tatu 500, halafu kila inayozidi ni 300. Hatarini: moja 200, halafu kila inayozidi ni 300, yaani 200, 500, 800, 1100. Ridabo, yaani dabo juu ya dabo, huzidisha adhabu hizo mara mbili.

#7 PauSaba

Shikamoo bibi. Nimekosa, nimekubali. Sasa naelewa kwa nini mwezi jana mwenzangu hakuongea na mimi njiani.

#8 BibiShupaza

Marahaba. Ataongea.

#9 KimyaKimya

Swali la kijinga. Mimi kila nikienda nakaa Mashariki, na kuna siku sioni hata ree moja mezani kwangu. Wenye karata nzuri wako upande wa pili. Sasa nitashindaje?

#10 MtuWaKarata

Si la kijinga hata kidogo, ndilo linalotenganisha mashindano na karata za barazani.

Bodi ni kile kikasha chenye mifuko minne. Karata zinabaki ndani yake na kikasha kinahama meza kwa meza. Wewe wa Mashariki hushindani na waliokaa mezani pako. Unashindana na kila aliyeshika mkono ule ule mbovu wa Mashariki kwenye meza nyingine. Rudi kwenye bodi 4. Waliocheza dhidi yetu waliandikiwa −600, wamepata 10 kati ya 12 bila kufanya muujiza wowote, kwa sababu wenzao waliandikiwa −630 na −660. Walikosa ree, wakapata bodi.

Mwisho wa siku zinajumlishwa zote na kugeuzwa asilimia. 50 ni katikati. Sehemu nyingine, Marekani hasa, wanahesabu 1 na nusu badala ya 2 na 1, lakini asilimia inatoka ile ile.

#11 KimyaKimya

Kumbe kuna ufundi wa kupoteza kidogo.

#12 BibiShupaza

Tena ndio ufundi wenyewe. Nami nimwage kidogo ninachokijua, nimekaa kwenye meza hizi miaka mingi.

Kwenye jozi, haiulizwi umemzidi mtu kwa kiasi gani. Inaulizwa umemzidi au hukumzidi. Pointi 10 zinatosha. Ndiyo maana mnaona wazoefu wanakimbilia bila turufu hata palipo na pau nane nzuri: BT 2 ni 120, shupaza 2 ni 110, pau 3 ni 110. Hiyo kumi ni kicheko cha meza tatu. Na ndiyo maana triki ya ziada, ambayo nyumbani ni mapambo, kwenye jozi ni chakula. Wote mmo kwenye BT 3, wote mmetimiza, aliyechukua moja zaidi anakula bodi nzima.

Ndiyo maana pia kuna namba inayotisha wacheza jozi kuliko zote: 200. Bodi ambayo hakuna upande wenye gemu, watu wanagombania 110, 120, 140. Wewe uko hatarini, unang'ang'ania, unanadi juu, unaanguka mbili: −200. Wala hukutiwa dabo. Lakini hakuna mtu mezani kwingine aliyekuwa na njia ya kupoteza 200 kwa kuwaachia wapinzani wacheze mkataba wao mdogo. Umekula sifuri.

#13 Fundi_wa_Timu

Na ndiyo maana mimi nasema jozi ni bahati nasibu. Mtu ananadi slemu ya maana, jasho linamtoka, anapata 12. Bodi inayofuata mwingine anaokota ziada kwenye BT 1, na yeye 12. Hiyo ni haki? Briji ya kweli ni timu.

#14 BibiShupaza

Haki inategemea umeuliza nini. Kila bodi ina uzito sawa, basi. Anayelala kwenye bodi ndogo analala kwenye nusu ya mashindano. Wewe eleza timu, maana huku umeingia kwa kelele tu.

#15 Fundi_wa_Timu

Haya bibi, nimeinamisha kichwa.

Timu ni watu wanne. Wawili wanakaa Kaskazini na Kusini meza A, wawili Mashariki na Magharibi meza B. Bodi zinachezwa meza zote mbili, kwa hiyo karata mlizoshika nyinyi meza A zimeshikwa na wapinzani meza B. Mkimaliza mnakutana, mnajumlisha matokeo mawili ya kila bodi, na tofauti inabadilishwa kuwa IMP kwa ngazi iliyowekwa.

Ngazi yenyewe: tofauti ya 0 au 10 ni IMP 0. Kuanzia 20 hadi 40 ni 1. 50 hadi 80 ni 2. 90 hadi 120 ni 3. 130 hadi 160 ni 4. Kadiri unavyopanda ndivyo hatua zinavyorefuka: 430 hadi 490 ni 10, 500 hadi 590 ni 11, 750 hadi 890 ni 13. Tofauti ya 2000 inakupa 19. Dari ni 24, ukifika 4000 na kuendelea. Ngazi imepinda kwa makusudi, ili balaa moja la bodi moja lisimeze mechi nzima.

Chukua mfano. Sisi meza A tumenadi shupaza 4 hatarini, 620. Meza B wapinzani wamesimama shupaza 2 wakachukua triki zile zile 10, 170 kwao. 620 kutoa 170 ni 450, tumevuna IMP 10. Sasa chukua 600 na 630 za mwanzisha uzi: tofauti 30, IMP 1. Ndiyo maana hakukunjiwa uso.

Hapo ndipo uchezaji unapobadilika kabisa. Uko BT 3 hatarini, una triki tisa za uhakika ukicheza kwa tahadhari, na kuna njia ya kupata ya kumi ambayo ikikwama unaanguka. Ukipata, umevuna IMP 1. Ukianguka, −100 yako dhidi ya 600 ya meza nyingine ni 700, IMP 12. Nani mwenye akili timamu anahatarisha 12 kufukuza 1? Lakini kwenye jozi, ukiona wengi wanaipata ile ya kumi, kukaa na tisa zako za tahadhari ni kujinyima.

#16 SitiYaMbele

Kwa hiyo karata zile zile, mkataba ule ule, na jibu sahihi ni mawili?

#17 Fundi_wa_Timu

Ndiyo. Kabla sijatoa karata ya kwanza huwa nakumbuka leo ni siku ya nini.

#18 Msomi_wa_Namba

Naomba niingize hesabu kwenye kunadi, maana watu husema "kwenye timu nadi gemu kwa nguvu" bila kueleza kwa nini.

Hatarini. Shupaza 4 inategemea karata moja kukaa unapotaka. Ukinadi na ikatimia, 620 dhidi ya 170 ya walioishia chini: IMP 10. Ikianguka moja, −100 dhidi ya 140 yao: tofauti 240, unapoteza IMP 6. Unaweka 6 kutafuta 10. Basi gemu ikiwa na nafasi ya kutimia zaidi ya 6 kati ya 16, yaani 37.5%, inafaa kunadiwa.

Salama: faida 250, ni IMP 6, hasara 190, ni IMP 5. Mpaka ni 5 kati ya 11, kama 45%.

Slemu ndogo mpaka ni 50%, salama au hatarini: faida na hasara zinalingana, 11 kwa 11 au 13 kwa 13. Slemu kubwa hatarini unaweka 17 kutafuta 13, unahitaji kama 57%, na hapo tunadhani meza nyingine wamefika slemu ndogo. Kama wana tabia ya kuishia gemu, usiwe na haraka ya triki 13. Ile ndogo tayari imeshakulipa.

Kwenye jozi hesabu hiyo yote inafutika. Ukubwa wa faida hauulizwi, unaulizwa wingi wa mara utakazokuwa sahihi. Gemu ya 40% hatarini kwenye timu naidaka. Kwenye jozi naiacha ipite.

#19 PauSaba

Na kujitoa mhanga je? Wapinzani wamenadi gemu yao, sisi tunanadi juu yao tukijua tutaanguka.

#20 BibiShupaza

Linganisha tu utakacholipa na ambacho wangepata.

Wao hatarini na gemu ya 620, nyinyi salama: kuanguka tatu na dabo ni 500, mmeokoa. Nne ni 800, mmejichoma. Hali zikilingana mnaruhusiwa mbili: salama ni 300 dhidi ya 420, hatarini ni 500 dhidi ya 620. Nyinyi hatarini wao salama, moja tu, 200 dhidi ya 420. Mbili tayari ni 500.

Kwenye jozi kulipa 500 wakati wenzako wamelipa 620 ni kicheko. Kwenye timu umeokoa 120, IMP 3. Na ikiwa ile gemu yao ingeanguka yenyewe? Meza nyingine timu yako imelipa 100 kwa kuanguka, wewe umelipa 500: jumla 600 zimekutoka, IMP 12. Kwa ajili ya 3. Vijana wa jozi wakija timu huwa wanatuletea hasara hii mwezi mzima kabla hawajapoa.

#21 Msomi_wa_Namba

Tone la historia hapo. Mfumo wa kuwa hatarini na zawadi nono za slemu uliwekwa na Harold Vanderbilt mwaka 1925, akiwa safarini melini kupitia Mfereji wa Panama. Lakini bei hazikukaa hivyo milele. Hadi mabadiliko ya 1987, aliye salama akitiwa dabo alilipa 100 ya kwanza na 200 kwa kila iliyofuata, bila kupanda. Sasa piga hesabu: wapinzani hatarini wana slemu kubwa ya shupaza, 2210. Ungeweza kunadi BT 7 na kuanguka 11, ukalipa 2100, ukachekelea! Kwa bei ya sasa kuanguka 11 ni 2900. Mlango umefungwa.

#22 SitiYaMbele

Kuanguka kumi na moja ukiwa unatabasamu. Hiyo ningependa kuiona.

#23 KimyaKimya

Kwenye timu nimeona matokeo ya mechi yanaandikwa 13.28 kwa 6.72 hivi. IMP zina desimali?

#24 Fundi_wa_Timu

Hizo si IMP, ni pointi za ushindi. Mashindano yakiwa na timu nyingi, kila mechi inagawiwa pointi 20 kati ya timu mbili. Sare ni 10 kwa 10. Ukishinda kwa IMP nyingi unasogea kuelekea 20, lakini kwa mkunjo ule ule: IMP za mwanzo zina thamani kuliko za mwisho. Mechi ya bodi 16, ukishinda kwa IMP 20 ni 15 kwa 5. Ukishinda kwa 60, zote 20 zako. IMP 40 za katikati hapo zimekuongezea 5 tu. Desimali zimeingia na ngazi mpya ya shirikisho la dunia mwaka 2013. Kabla ya hapo zilikuwa namba kamili na IMP moja ingeweza kukuvusha au kukuangusha hatua nzima.

Thamani ya IMP inategemea urefu wa mechi pia. IMP 20 kwenye bodi 8 ni ushindi mkubwa kuliko 20 kwenye bodi 16. Mechi za mtoano hazina haja ya haya, mwenye IMP nyingi anapita.

#25 MtuWaKarata

Niziguse haraka zilizobaki, maana mtazikuta.

Kuna jozi zinazohesabiwa kwa IMP, hasa kwenye intaneti. Matokeo yako yanalinganishwa na ya kila meza moja moja, kisha wanatoa wastani. Au unalinganishwa na wastani wa bodi baada ya kuondoa matokeo yaliyopita kiasi juu na chini. Hiyo inaitwa Butler. Ukiwa huko cheza kama uko kwenye timu, ingawa umekaa na mwenzako mmoja tu.

Na kuna timu zinazohesabiwa kama jozi: kila bodi ni kushinda, sare au kushindwa, hata kwa pointi 10. Wazoefu wanasema ndiyo ngumu kuliko zote. Mimi nimeijaribu mara moja na sina hamu nayo.

Bodi ikishindikana kuchezwa, mwamuzi hutoa pointi za kufidia: kwenye jozi asilimia 60 kwa asiye na kosa, 40 kwa mwenye kosa, 50 kama kosa ni la kugawana. Kwenye timu asiye na kosa hupewa IMP 3.

Halafu hakikisha kilichoingizwa kwenye kifaa cha kuandikia matokeo kabla hujakubali. Niliwahi kukubali shupaza 4 iliyoandikwa imechezwa na upande usio wetu. Ufundi wote wa hapo juu hausaidii kitu kama namba imeingia kinyume.

#26 Mgeni_Mezani

Narudi na mrejesho wakuu. Jana nimecheza jozi kwa mara ya kwanza, bodi 24, kila bodi juu ni 12. Tumepata 156 kati ya 288, asilimia 54. Nimefurahi ila kuna bodi inanikereketa.

Bodi 9, wapinzani wako hatarini, sisi salama. Sisi tulinadi shupaza 2, wakaenda kopa 3, nikaona wamezidi uwezo lakini nikaogopa, nikapita. Wameanguka moja. Tumeandikiwa 100, nikajipongeza. Kumbe wenzetu wanne waliachiwa shupaza wakapata 110 na 140, wawili wakaanguka −50. Tumepata 4 kati ya 12. Nilitakiwa kutia dabo?

#27 BibiShupaza

Kwenye jozi, ndiyo. Mlikuwa na 110 yenu mkaporwa. Mia moja haiwarudishii, mia mbili inawarudishia na kupita: 200 ingekuwa ya juu kuliko zote, 12. Wangetimiza mngelipa 730 mkapata sifuri, lakini kukaa kimya mlikwisha kujipunguzia hadi 4. Unahatarisha 4 kutafuta 12.

Kwenye timu usingegusa. Tofauti ya 100 na 200 mkononi ni ndogo, na 730 ingewazamisha.

#28 Mgeni_Mezani

Asante bibi. Kesho kutwa ni timu. Nitanyamaza.

#29 BibiShupaza

Ukishika triki sita mkononi usinyamaze, hata kwenye timu.